Kidole Kilichojua Matairi

Fundi tairi wa kwenye kona ya barabara ya hospitali alikuwa na jina lake la kuzaliwa, refu, lenye baba na babu ndani yake, lakini nani alilijua? Mkewe, na labda karani wa kliniki. Wengine wote walimwita Gumba. Walimwita hivyo kwa sababu ya kidole gumba cha mkono wake wa kulia, kile kinene chenye ukucha uliopinda. Kidole hicho ndicho kilichomlisha yeye na mkewe na watoto, na ndicho kilichomsomesha mdogo wake baba yao alipofariki. Usicheke. Wapo watu wanaokula kwa ulimi wao, na hao ni wengi, tunawajua. Huyu alikula kwa kidole, na alikula kwa haki.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Magari mengi hayana makuu. Magurudumu mawili yanavuta, mawili yanafuata tu, hayana neno. Gari kama hilo ukilifunga tairi jipya upande mmoja na zee upande wa pili, litanung'unika kidogo na safari itaendelea. Lakini yapo yale yanayovuta kwa magurudumu yote manne kwa pamoja, siku zote, upende usipende, na hayo ni magari yenye kisirani. Katikati yake kuna gia inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, na gia hiyo haina dogo. Tairi lililolika ni dogo kidogo kuliko lisilolika, kwa hiyo katika safari ileile litazunguka mara nyingi zaidi. Gia inaona hili linakimbia na lile linachelewa, inadhani gari limekwama kwenye tope, inaanza kusawazisha. Inasawazisha asubuhi, inasawazisha mchana, mafuta yanachemka ndani, na siku moja inaungua. Wewe jaribu kutembea kutwa nzima mguu mmoja una kiatu cha soli nene na mwingine una ndala, halafu jioni uniambie kiuno kinasemaje.

Basi mwenye gari la namna hiyo, tairi moja likimchanikia, hawezi kununua jipya moja akafunga na kwenda zake. Ama anunue manne, na wenye uwezo huo hawapiti kwenye kona ile, ama amtafute mtu wa kumchagulia lililotumika: ukubwa uleule, na limelika sawasawa na yale matatu yaliyobaki. Hapo ndipo walipomjia Gumba. Anapiga magoti, anaingiza kidole kwenye mfereji kati ya meno ya tairi, anakitelezesha taratibu, anafumba macho. Anafanya hivyo kwa yote matatu. Kisha anaingia kwenye lundo lake nyuma ya kibanda, huko ndani unasikia raba zinasukumana na mtu anaguna, na anatoka na tairi moja. Wale wabishi waliokuja na vipimo vyao walipima, wakarudisha vipimo mfukoni.

Mdogo wake alipoanza kazi ya udereva, kitu cha kwanza alichomnunulia kaka yake kilikuwa kipimo cha tairi, kijiti kidogo cha chuma chenye namba. Gumba alishukuru sana. Akakitundika kwenye msumari ukutani mwa kibanda, na mfuko wake wa plastiki, na hapo kikakaa mpaka plastiki ikageuka manjano. Kupima kwa kijiti, yeye? Watu walikuja kuona kidole. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Gumba alisifiwa miaka mingi na watu wengi.

Ganzi ilianzia miguuni. Alidhani ni viatu, akanunua vingine vipana. Halafu ikaja mikononi, taratibu, kama mgeni anayejua kwamba hatafukuzwa. Kliniki walishamwambia kitambo kwamba ana sukari, wakampa vidonge, wakamwambia asikose kurudi, naye akakosa. Siku ya kliniki ndiyo siku ya wateja. Ukiwa fundi wa kujitegemea, siku usiyofungua kibanda ndiyo siku watu wanajifunza njia ya kwenda kwa mwingine.

Mkewe ndiye aliyeona kwanza. Mkewe alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikaa dirishani kwenye chumba cha mbele, kwa hiyo aliona kila kitu, cha ndani na cha nje. Siku moja Gumba alitoa sufuria jikoni kwa mkono mtupu, akaiweka chini bila papara, akaketi.

"Baba watoto," mkewe akasema, mguu umesimama juu ya pedali, "hebu nione mkono."

"Una nini mkono?"

"Hiyo sufuria inachemka."

Gumba akautazama mkono kama mali ya mtu mwingine. Kidole gumba kilikuwa kimetoka lengelenge kubwa, linang'aa. Hakuwa amesikia chochote.

"Ngozi ya fundi hii," akasema. "Miaka yote na raba na vyuma, ulitaka iwe laini?"

Mkewe hakucheka. "Nenda kliniki."

"Wiki ijayo."

"Wiki ijayo yako ina wajukuu sasa," mkewe akasema, akarudi kwenye mshono wake.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Gumba methali hiyo aliijua, na aliwahi kuwaambia wengine. Lakini methali ni kama dawa ya mwenzio, haikuingii mpaka uumwe wewe. Kazini aliendelea vilevile. Alipiga magoti, akaingiza kidole, akafumba macho, na watu wakatulia kumsubiri. Ila sasa huko gizani hakukuwa na kitu. Kidole kilikuwa kinatembea juu ya raba nacho hakina habari. Akawa anachagua kwa macho, kwa mazoea, kwa kukumbuka tairi hili lilitoka kwenye gari la nani. Mara nyingi alipatia, maana ukifanya kazi moja maisha yako yote hata ujinga wako unakuwa na ujuzi. Lakini macho nayo yalishaanza kuingia ukungu. Jioni alirudi nyumbani amechoka uchovu wa aina mbili, wa kunyanyua matairi na wa kujifanya, na ule wa pili haukuondoka kwa kulala.

Mdogo wake, yule dereva, alikuwa na gari la viti saba, la kuvuta kwa magurudumu yote manne. Alikuwa na mkataba na hospitali ya mlimani: kuwapandisha manesi wa zamu asubuhi, kuwashusha wanaotoka. Barabara ya huko ni kona juu ya kona, na ikinyesha inateleza vibaya, gari la kawaida linarudi kinyumenyume. Kwa hiyo gari lile ndilo lililokuwa kazi yake. Bila gari hana mkataba, na mkataba huo wenzake walikuwa wanaukodolea macho.

Tena alikuwa anajenga. Kuta zilishasimama, zinasubiri paa, na mabati alikuwa ameyanunua kidogo kidogo, leo mawili, mwezi mwingine matatu. Huko kiwanjani yangeibwa siku ya kwanza, ndiyo maana aliyaleta kwa kaka yake. Yaliegemezwa ukutani chumbani kwa Gumba, nyuma ya kitanda, na kila mtu alipojigeuza usingizini goti liligonga bati na nyumba nzima ikasikia. Mkewe Gumba alisema amelala na mabati ya shemeji yake muda mrefu kuliko baadhi ya wanawake wanavyokaa na waume. Hakuna aliyelalamika. Dereva na mkewe na watoto walikuwa wanabanana kwenye chumba kimoja cha kupanga, na paa hilo lilikuwa linasubiriwa na watu wengi.

Sasa sikiliza. Siku moja mfuniko wa mtaro uliokatika ulichana tairi la nyuma la gari la dereva. Akaja mbio kwa kaka yake.

"Kaka, nisaidie haraka, manesi wako kituoni wananisubiri."

Gumba akapiga magoti. Ilikuwa imenyesha, na magurudumu yalikuwa yamejaa tope. Aliyafuta kwa kiganja, akaingiza kidole, akafumba macho kwa mazoea tu. Halafu akaenda kwenye lundo. Alilipata tairi la ukubwa uleule, namba zileile ubavuni, la kiwanda kilekile. Mifereji yake ilikuwa imeziba udongo mkavu. Aliitazama, akaona kama imelika sawa na yale matatu. Alitakiwa aioshe. Alitakiwa atoe kile kijiti msumarini. Lakini ndugu yake alikuwa amesimama pale, na juu ya benchi wameketi wateja wawili wanatazama, na mgongo ulikuwa unamuuma toka asubuhi. Akalifunga.

"Hulikagui?" Gumba akamuuliza mdogo wake, akikaza nati ya mwisho.

"Ukishafunga wewe, mimi nakagua nini?" dereva akasema, akaingia garini na kuondoka.

Haikupita muda gari likaanza kujikaza kwenye kona, linaruka kama limeshikwa mkia. Kisha likaanza kulia, sauti nyembamba, chini ya sakafu. Kisha harufu ya mafuta yaliyoungua. Manesi wakaanza kufungua madirisha hata wakati wa baridi. Dereva akalipeleka kwa fundi wa gia.

Fundi wa gia alikuwa mtu wa maneno machache, anayepangusa mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe. Aliliendesha gari hadi mwisho wa mtaa, akaligeuza kwenye kona, akarudi, akazima.

"Gia inachoshwa," akasema. "Kabla sijaishusha, mwambie aliyekufungia matairi ayapime. Lile la nyuma naliona nene."

"Aliyenifungia ni kaka yangu."

"Hata angekuwa mama yako. Ayapime."

"Wewe humjui Gumba?" dereva akasema, na sauti ilishapanda. "Kidole kile hakijakosea tangu mimi sijaota meno."

"Namjua. Ndiyo nasema aje yeye. Mimi nikipima mtasema nimemchafulia mtu jina."

Dereva akaenda kumchukua kaka yake. Njiani alimweleza huku anachemka kwa hasira, hasira ya kumtetea, na Gumba alitembea kando yake. Alijua. Alijua kabla hajaambiwa yote, tangu aliposikia neno kona. Aliliona tena akilini lile tairi lenye udongo kwenye mifereji, akaona jinsi alivyoligeuza mara moja tu. Angeweza kusimama palepale njiani akasema. Alijiambia atasema wakifika kwenye ule mti wa taa, na mti wa taa wakaupita. Akajiambia atasema wakifika getini.

Gereji watu waliacha kazi kidogo kumtazama, maana Gumba kukanyaga gereji ya mwingine si jambo la kila siku. Akapiga magoti penye gurudumu la mbele. Goti likalia. Akaingiza kidole, akafumba macho. Akahamia la pili, la tatu, la nne. Yote yalikuwa sawa. Kwake yeye, sasa, matairi yote ya dunia yalikuwa sawa, jipya na kipara.

Akafumbua macho akamwona mdogo wake amesimama mikono kiunoni, kidevu juu, anamtazama fundi wa gia kama mtu aliyeleta shahidi asiyeshindwa. Gumba alichoka pale. Alichoka kiasi kwamba neno la kweli lilikuwa zito kulinyanyua, na lile jingine lilikuwa jepesi, liko mdomoni tayari.

"Yako sawa," akasema.

Fundi wa gia akamtazama yeye, akalitazama tairi la nyuma, akamtazama tena. "Kama amesema Gumba, mimi nani," akasema. "Basi naishusha kesho. Lakini nikishaifungua hakuna kuipaka mafuta na kuirudisha. Utanunua nyingine."

"Ishushe," dereva akasema. Akamshika kaka yake begani. "Asante, kaka. Nilimwambia mimi."

Hiyo asante ilimuumiza Gumba kuliko tusi. Alirudi kibandani, akaketi kwenye benchi lake, akawaambia wateja kesho, leo kichwa kinamuuma.

Jioni alipofika nyumbani mkewe alikuwa anakata uzi kwa meno. Hakumsalimia kwanza.

"Shemeji amepita. Kesho asubuhi anakuja na mkokoteni kuchukua mabati."

"Anapaua?" Gumba akauliza, ingawa hakuna anayepaua gari likiwa gereji.

"Anayauza. Anasema gia imekufa." Akaweka nguo chini. "Anasema ulipima wewe."

"Nilipima."

"Ulipima kwa kitu gani?"

Gumba akatazama miguu yake. Mkewe akainuka kuwasha jiko. Chumbani yale mabati yaliegemea ukuta kama kawaida. Gumba alilala chali, asijigeuze, goti lisije likagonga.

Aliamka amekusudia kusema. Aliyapanga maneno: mdogo wangu, subiri kwanza. Mwanzo mzuri tu, wa kawaida. Lakini mdogo wake alifika mapema na mwenye mkokoteni, akasalimia kwa haraka, "Shikamoo kaka, shikamoo shemeji," akaingia moja kwa moja chumbani, akashika ncha ya mabati na kusema, "Kaka, shika huko, tuyatoe kabla jua halijawa kali." Na Gumba, aliyezoea maisha yake yote kushika anapoambiwa shika, akashika.

Wakatoka na bati la kwanza, la pili, la tatu. Dereva alikuwa mbele akitembea kinyumenyume, anaongea. Alikuwa anajifariji, maskini. Alisema paa litasubiri, paa halina miguu, haliendi popote. Alisema mkewe amelia kidogo lakini ameelewa. Alisema cha muhimu ni mkataba, na kwamba ana bahati ya kuwa na kaka mwenye kidole, vinginevyo yule fundi angewazungusha na habari za matairi mwezi mzima. Gumba alisema mhm. Wakaingia tena ndani, wakabeba jingine, na walipofika mlangoni dereva akanyamaza katikati ya sentensi.

"Kaka, unatoka damu."

"Wapi?" Gumba akauliza.

Damu ilikuwa inashuka kwenye mgongo wa bati, mistari miwili inafuatana, inadondoka kizingitini. Kwenye mabati yaliyokwisha kupangwa mkokotenini kulikuwa na alama za mkono, moja baada ya nyingine. Makali ya bati yalikuwa yamemkata kidole gumba mpaka ndani, wala si kwa bati hili. Alikuwa amekatika tangu bati la kwanza.

Dereva akaliweka bati chini. Akamtazama kaka yake usoni, akitafuta maumivu, na hayakuwepo. Akauchukua ule mkono. Mkewe Gumba alishafika na kitambaa, lakini dereva akamzuia kwa macho. Akabonyeza ncha ya kidole cha shahada kwa ukucha wake, akakaza.

"Unasikia hapa?"

"Hapana."

Akapanda kidogo. "Hapa?"

"Hapana."

Akabonyeza fundo la kidole, akabonyeza mgongo wa mkono, akabonyeza kiganja kwenye ile nyama ya chini ya gumba, mahali ambapo hata mtoto mchanga ukimbonyeza atavuta mkono. Kila mara Gumba alitikisa kichwa. Mwenye mkokoteni aligeuka akatazama barabarani, kwa adabu. Dereva akafika kwenye kifundo cha mkono, akabonyeza.

"Hapo," Gumba akasema. "Hapo nasikia."

Dereva hakuuachia mkono. Alikaa hivyo, kidole chake kwenye kifundo cha kaka yake, na damu inamchafua shati. Mkewe Gumba akaufunga ule mkono kwa kitambaa kipya, kipande cha nguo ya mteja, Mungu amsamehe.

"Jana," dereva akasema. "Pale gereji."

"Sikusikia kitu. Hata siku ile nilipokufungia sikusikia." Sasa maneno yalikuja, tena bila mpango. "Lile tairi halikulika kama mengine. Usiiruhusu gia ishushwe."

"Tangu lini?"

"Mvua za mwaka jana."

"Mvua za mwaka jana." Dereva akaketi juu ya mabati yake. "Nimewapandisha manesi mlima ule kila siku, kaka. Kona zile. Na wewe unajua."

"Najua."

"Magari mangapi mengine?"

"Sijui, mdogo wangu." Gumba aliegemea mlango. "Nimechoka. Nimechoka kujifanya, nimechoka na vidole hivi. Nilitaka kusema kwenye mti wa taa. Nikatembea tu."

Mkewe alikuwa amesimama nyuma yake, kitambaa kilichobaki mkononi. "Nimemwambia kliniki mpaka ulimi umechoka," akamwambia shemeji yake, na sauti yake ilikuwa ya kulia bila machozi. "Mimi si wa kulala na mabati tu. Nalala na mkaidi pia."

Dereva alikuwa na hasira, ilionekana shingoni, na ilikuwa haki yake. Huyu ndiye aliyemlea, aliyemvalisha sare za shule kwa jasho la matairi, na huyohuyo ndiye aliyetaka kuliacha paa lake liende kwa sababu ya neno moja lililomshinda. Mwishowe akainuka.

"Rudisha ndani," akamwambia mwenye mkokoteni. "Yote. Nitakulipa kama kawaida." Kisha kwa kaka yake: "Twende."

"Wapi?"

"Kupima. Kutoka huko ni kliniki, na leo wiki ijayo imefika."

Walipita kibandani kwanza. Dereva aliingia, akakitoa kile kijiti msumarini, akaichana plastiki yake ya manjano, akakipuliza vumbi. Palibaki alama nyeupe ukutani pale kilipokuwa. Gumba aliitazama ile alama, akafunga mlango wa kibanda bila kuandika chochote cha kuwaambia wateja.

Gereji, fundi wa gia alikuwa ameshakunja mikono ya shati na ameweka jeki chini ya gari. Aliwaona, akauona ule mkono uliofungwa, akasimamisha jeki.

"Matairi hayajapimwa," dereva akasema.

"Jana yalipimwa."

"Hayajapimwa," Gumba akasema mwenyewe. "Kidole changu kimekufa. Tupime sasa."

Hakuna aliyecheka, ingawa kijana mmoja wa upande wa kunyoosha bodi alifungua mdomo na fundi wa gia akamtazama akaufunga. Fundi akakuna kichwa. "Ikiwa ni tairi tu," akasema, "huenda gia haijafa. Huenda. Tutajua mkishafunga yanayolingana." Akatoa jeki, akakaa pembeni juu ya ndoo. "Kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi, Gumba." Lilikuwa neno refu kwa mtu yule.

Gumba akapiga magoti penye gurudumu la mbele, mahali palepale pa jana, na goti likalia vilevile. Watu waliacha kazi kama jana. Alinyoosha mkono wa kushoto, ule mzima, au tuseme ule usiofungwa, maana uzima wake ulikuwa uleule. Mdogo wake akachuchumaa, akakiweka kijiti kwenye kiganja, akavikunja vidole vya kaka yake kimoja kimoja juu yake.

Gumba akakaa anatazama mbele, kwenye raba.

"Nimeshika?" akauliza.

"Umeshika, kaka. Pima."

Akashusha macho ahakikishe, akakiingiza kijiti kwenye mfereji, akainamisha kichwa karibu mpaka pua inakaribia kugusa tairi, akaisoma namba. Akasogea la pili kwa magoti, akasoma. La tatu likatoa namba ileile, na fundi wa gia akaiandika kwa chaki ubavuni mwa kila moja. Kwenye la nne kijiti kilizama ndani, kikaendelea kuzama, na wote waliokuwa pale wakaona kabla hajainua. Mdogo wake akasema kwa sauti ya chini, "Basi kaka, inatosha, tumeona." Gumba akatikisa kichwa, akalisogeza jicho karibu, na akaisoma namba hiyo kwa sauti, mpaka wa nje getini wakaisikia.